Vituo Vitano vya Mzee Kipindi

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Kipindi, basi. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi mwaka ule alipokabidhiwa kazi ya kupanga ratiba ya shule ya sekondari, likamganda mpaka akastaafu nalo. Miaka ishirini na saba aliifanya kazi hiyo peke yake: walimu thelathini na wanne, madarasa kumi na sita, maabara moja, na mwalimu wa muziki ambaye hakukubali kabisa kufundisha akiwa ameshiba. Na katika miaka yote hiyo, muulize yeyote, hawakuwahi kukutana walimu wawili mlango mmoja kila mtu akidai darasa ni lake. Ilitokea mara moja tu, na hata hiyo msimlaumu yeye, mlaumuni paka wa mlinzi aliyeparamia ubao.

Ubao wenyewe aliondoka nao. Shule ilipoleta kompyuta, ubao ukawa unakwenda kutupwa, na mzee akaona bora atupwe yeye. Akauleta nyumbani kwa mkokoteni, akautundika sebuleni, pale pale mkewe alipokuwa amepapangia kioo. Ni ubao wa mbao nyembamba uliojaa misumari midogo, safu moja kwa kila siku ya masomo, na kila msumari unaning'inizwa kadi ya rangi. Mkewe aliutazama, akashusha pumzi, akaenda zake kulala, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Mkewe ni muuguzi. Wodi nzima humwita Sista, mtaa mzima humwita Sista, na mumewe naye alishazoea hivyo hivyo, kama yeye alivyozoea kumwita mumewe Mwalimu. Sasa fikiria ndoa yenyewe ilivyokwenda: Mwalimu akitoka asubuhi, Sista ndiyo anaingia, Sista akiamka, Mwalimu yuko shuleni, Mwalimu akirudi, Sista anavaa viatu vyake vyeupe. Watoto watatu wamewalea kwa kupokezana mlangoni. "Huyu kala, yule ana homa, dawa iko juu ya kabati." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na hawakuwahi kugombana, kwani watu wagombane saa ngapi?

Halafu binti yao wa mwisho, fundi wa kompyuta, akahamia karibu na kazini kwake. Nyumba ikanyamaza. Siku moja ya Jumanne Sista akapewa mapumziko ambayo hakuyatarajia, wakajikuta wawili sebuleni, mchana kweupe, chai mezani.

"Gesi bado ipo?" akauliza Sista.

"Ipo."

"Mvua mwaka huu imegoma."

"Imegoma kweli."

Baada ya hapo, kimya. Sista akaangalia kucha zake. Mwalimu akakohoa, na wala hakuwa na kikohozi. Mwishowe akainuka akasema anakwenda dukani kununua balbu, ingawa kabatini zilikuwepo nne, nzima, hazijafunguliwa. Alipofika dukani hakununua kitu. Alisimama tu pale. Miaka thelathini na moja ameishi na mama huyu, na leo amemkimbia.

Kwa hiyo Sista alipopata likizo ya siku saba, ya kwanza ya maana baada ya miaka tisa, kuanzia Alhamisi hadi Jumatano ya wiki inayofuata, Mwalimu hakungoja. Alijua wodini kwao kuna kalenda ya zamani yenye picha ya kisiwa, minazi imeinamia maji, na kwamba mwaka wake umepita zamani lakini Sista hataki iondolewe.

"Nitakupeleka kisiwani," akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na safari utaipanga wewe?"

"Kwani kuna mwingine?"

Sista akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha cheko likamkauka, akamtazama usoni. "Nisikilize, Mwalimu. Mimi nimechoka. Nataka likizo, sitaki gwaride. Panga, Jumapili alasiri nitaiangalia. Ikinichosha kabla sijafunga begi, nakwenda zangu kwa dada, na wewe utabaki na ubao wako mkitazamana."

Dada yake ni mjane mwenye nyumba mji wa jirani, yenye baraza pana, na mdomo mpana kuliko baraza. Sista akienda huko hurudi amenenepa na ana habari za mwaka mzima. Kumpita dada huyo si mchezo, na Mwalimu alilijua hilo vizuri. Lakini pia alijua kwamba akishindwa safari hii, basi yeye na mkewe watamalizia maisha wakiulizana habari za gesi. Hakulala mchana siku hiyo.

Kesho yake alikwenda kwa wakala wa safari, ambako mwanafunzi wake wa zamani sasa ana tai na kiti cha kuzunguka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kaa wima."

Kijana wa watu akakaa wima, miaka arobaini na ushei hiyo. Akamfungulia ramani, akamweleza kuwa kisiwa hicho watu huenda kupumzika. "Mngechagua sehemu mbili tu, Mwalimu, mkatulia. Barabara za huko zina kona."

"Mbili? Nauli yote ile nikaone sehemu mbili?" Mwalimu akang'aka. "Nipe namba za simu za nyumba za wageni. Nitapanga mwenyewe."

Akapewa. Na hapo ndipo mzee alipofufuka. Jamani, ungemwona! Miwani puani, penseli sikioni, kadi zimetapakaa mezani: bluu za bahari, kijani za msitu, nyekundu za njiani. Vituo vitano, kila kituo usiku mmoja. Akafuata kanuni zake zile zile za shule. Masomo magumu asubuhi, akili ikiwa mpya. Kwa hiyo kupanda kilima cha maporomoko akakuhesabu kuwa Hisabati, akakuweka kipindi cha kwanza. Somo moja lisifuatane na lenyewe. Kwa hiyo fukwe mbili hazikuruhusiwa kukaribiana. Na kubwa kuliko yote, pasiwe na kipindi kitupu. Darasa likiachwa bila kazi, alizoea kusema, nusu yake itakuwa nje ya dirisha kabla hujafika ofisini. Lakini ukweli, na nausema kwa sababu mwenyewe asingeusema, ni kwamba safari hii hakuwa na darasa la kumtorokea. Kipindi kitupu alichokiogopa ni kile cha watu wawili na chai.

Binti yao alipita Jumamosi kuchukua nguo zake, akasimama mbele ya ubao mikono kiunoni.

"Baba, kila siku mnahama? Mama atakaa saa ngapi?"

"Atakaa garini."

"Baba!"

"Na hapa je, hujaona? Kadi nyeupe. Dakika arobaini za kukaa, mkabala na bahari."

Binti akatikisa kichwa, akabeba nguo zake. Mlangoni akageuka. "Mimi simo," akasema, akaondoka. Mwalimu akakagua ratiba yake mara ya sita. Hakuna kadi iliyogongana na nyingine. Dereva amepatikana, nyumba zote tano ameshazipigia simu mwenyewe, siku kwa siku, usiku mmoja mmoja. Akajipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Jumapili alasiri Sista akaja sebuleni, ndiyo kwanza ameamka, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Mwalimu alikuwa amevaa shati la kola, na mkononi ana fimbo yake ya kuonyeshea.

"Haya," akasema Sista, akaketi. "Nifundishe."

Mwalimu akaanza. Alhamisi, wanatua, kituo cha kwanza, mji wa bandari, soko, boma la zamani, chakula. Kila akigusa kadi alimwibia mkewe jicho kuona kama amekunja uso, na Sista alikuwa hajakunja wala hajakunjua, amekaa vile vile wanavyokaa wauguzi wanapohesabu mapigo ya moyo wa mtu.

"Ijumaa tunalala wapi?"

"Kituo cha pili. Nyumba ya wageni ufukweni. Ina vyumba vinne tu, na kibaraza kinaangalia maji."

"Pazuri hapo."

"Pazuri sana!" Moyo ukamruka. "Na kesho yake saa mbili kamili asubuhi dereva yuko mlangoni. Kituo cha tatu, msituni."

"Kesho yake ndiyo lini?"

"Jumatatu."

Alilitamka bila wasiwasi wowote. Fimbo ilikuwa imeshatoka kwenye safu ya mwisho, imerudi kwenye safu ya kwanza, kama ilivyorudi kila wiki kwa miaka ishirini na saba.

Sista akavaa miwani. Akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa misumari. Akahesabu kwa kidole, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kidole kikafika ukutani.

"Mwalimu."

"Naam."

"Jumamosi iko wapi?"

Mwalimu akatazama. Akatazama nyuma ya ubao, wallahi, akatazama nyuma ya ubao kana kwamba siku zimedondokea huko.

"Na Jumapili nayo?" Sista akaendelea, na mabega yameanza kumtikisika. "Ijumaa tunalala ufukweni, tunaamka Jumatatu? Mume wangu, unanipeleka likizo au unanipiga sindano ya usingizi?"

"Shule... shule haina..."

"Najua haina! Sisi wodini ratiba yetu ina siku saba. Wagonjwa hawafungi Ijumaa!" Hapo alishindwa. Alicheka hadi akakalia mkono wa kochi, akajishika mbavu, akasema "uwiii" mara tatu.

Mwalimu hakucheka. Masikio yalikuwa yanamuwaka. Siku zote hizo amewinda kadi zinazogongana, hata siku moja hakujiuliza kama kuna kadi zilizopotea. Alimwona mkewe tayari yuko barazani kwa dada, anaisimulia hadithi hii, na dada anapiga makofi. Akachomoa penseli sikioni, akaanza kuchora safu mbili juu ya ukuta wenyewe.

"Nipe dakika kumi. Kuna pango hatujaligusa. Kuna chombo chenye sakafu ya kioo, unaona samaki. Kuna shamba la vanila, tukiwahi alfajiri—"

"Acha." Sista alikuwa amemshika kifundo cha mkono. "Usizijaze."

"Siku mbili nzima? Sista, tutafanya nini?"

"Tutakaa. Nitampigia mwenye nyumba atuongezee siku pale ufukweni."

"Tukishakaa?"

"Tutakaa tena."

Penseli ikamponyoka. Mwalimu akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo. "Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Kukaa na wewe." Aliona jinsi lilivyotoka vibaya, akajaribu kulishika. "Si hivyo. Naogopa tutakaa pale, tuishiwe maneno kabla chai haijapoa, halafu unitazame. Uone umemaliza maisha yako na mtu ambaye hana la kukuambia. Nimeweka kilima, nimeweka pango, ili uwe na kingine cha kutazama. Ndiyo hivyo. Sasa nenda kwa dada yako, sitakasirika."

Sista alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena ilhali bado ina ukungu. Kisha akaenda chumbani. Mwalimu alisikia begi likisogezwa, droo ikifunguliwa, na moyo wote ukamwisha. Sista akarudi na simu, inaita tayari, akakaa kwenye kochi mkabala naye. Hakuficha. Na simu ya dada haina haja ya kuwekwa sauti kubwa, kwa vile dada mwenyewe ndiye sauti kubwa.

"Ehee, mdogo wangu! Nini tena?"

"Dada, hujambo? Nakupigia kuhusu ile simu."

"Simu ipi?"

"Ile niliyokuomba unipigie Jumamosi nikiwa kisiwani. Ile ya kwamba umeteguka mguu nirudi haraka."

Mwalimu akainua kichwa.

"Ninayo akilini," dada akasema. "Nimeshaamua ni mguu wa kushoto. Na kulia nitalia kidogo."

"Usipige."

"Ha! Safari imevunjika?"

"Haijavunjika. Tunakwenda. Usipige tu."

"We mama wewe, mbona sikuelewi? Si ulinilalamikia mwenyewe hapa, juzi tu, kwamba unaogopa? Kwamba siku ya tatu mtakuwa mmekwisha maneno, na huyo mumeo atakuona huna lolote zaidi ya habari za wagonjwa?"

Sista alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe anamtazama yeye, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"Nilisema, dada," Sista akajibu taratibu. "Kumbe na mwenzangu ni hivyo hivyo. Basi acha tu. Tutaishiwa pamoja."