Mubeba Kiti wa Mwami

Mimi si mutu wa kukaa. Hata misa ikirefuka kidogo, miguu yangu inaanza kutafuta mulango. Donc siku ile ya kumupeleka mama yangu mujini Beni kuona picha, niliamka na hasira tayari, hata sijui ya nini. Barabara ilikuwa na maneno yake, ya batu ba bunduki. Batu balisema asubuhi inapitika, mais kisha saa sita hakuna anayejua. Nikamwambia mama: tunaenda, tunaona, tunarudi Butembo jua likiwa bado juu. Yeye alikuwa anafunga kitambaa kichwani, anafungua, anafunga tena, kama anaenda kwenye ndoa.

Habari yenyewe ilitoka kwa mama mukubwa, dada yake mama, anayeishi Beni. Kule kuna nyumba ya zamani ya matofali, ya ukoo wa mwami, chifu wa kwetu, ambayo bajukuu ba mwami baligeuza kuwa nyumba ya maonyesho. Kila baada ya miezi kadhaa banabadilisha: mara mikuki na ngoma, mara michoro ya vijana ba mujini, mara hii photo za kizamani. Mama mukubwa aliingia na bamama ba kanisa, akatoka analia. Alikuwa ameona baba yao ukutani, amesimama kando ya mwami wa zamani, kiti cha mwami begani. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kubeba kile kiti popote mwami alipoenda.

Mama hakuijua sura ya baba yake. Babu alikufa mama bado anatambaa. Na hata kama kulikuwa na kapicha kamoja nyumbani kijijini Vuhovi, nyumba ile haiko tena, ilichomwa pamoja na vyote. Photo ya Beni ilitoka kwa mapadri ba Ulaya, na maonyesho yakiisha ingerudi kwao. Mama mukubwa alituma ujumbe kwamba yanaisha.

Tulifika tukakuta ngazi mulangoni. Vijana balikuwa banashusha picha, bengine banaingiza michoro mipya ya samaki na mitumbwi ya Kyavinyonge, kule ziwani. Moyo ulinipasuka. Mwenye funguo alikuwa binti wa ukoo wa mwami, kijana bado, amevaa jeans, sauti ya adabu. Akasema photo yetu bado iko, mais tufanye haraka, gari la kuibeba liko njiani. Simu zinabaki mulangoni, akaongeza, mapadri bamekataza kupiga photo juu ya photo. Nilimubishia, nikamubishia tena, mpaka mama akanivuta mukono. Nikaacha simu, na toka hapo mukono wangu ukawa unaingia mufukoni na kutoka bure.

Picha ilikuwa katika chumba cha nyuma, kubwa kuliko nilivyofikiri. Mwami katikati, amevaa ngozi, anatazama mbele. Kushoto kwake kijana mwembamba, kiti begani. Nikasema, mama, ni huyu.

Mama alikuwa ameshapiga magoti. Kichwa chini, anapiga makofi polepole, anasalimu kwa Kinande. Nilingojea amalize. Hakumaliza. Kisha baba yake kufa, yeye alilelewa na bibi yake pale pale kwenye kiwanja cha mwami, na pale mutoto mwanamuke hatazami uso wa mwami. Anatazama chini mpaka mwami apite. Mwami huyu sasa hakuwa wa kupita.

"Mama, ni karatasi," nikamwambia.

"Najua ni karatasi," akasema. "Macho ndiyo inakataa."

Alijaribu, nilimuona. Anainua kidevu, anafika kwenye miguu ya baba yake, miguu mitupu yenye vumbi, kisha anashuka tena. Nikazunguka chumba. Nikamuuliza mbona mama mukubwa aliona, akajibu kwamba dada yake alilelewa kwa masista. Nje gari lilipiga honi. Nilitaka kulia kwa hasira. Barabara yote ile, roho mukononi, aje kuona miguu!

Ndipo nikafungua kikwembe changu cha juu, kitenge cha kiunoni. Bamama ba kwetu tunafunga viwili, kimoja juu ya kingine. Nikakinyoosha mbele ya mwami, nikamufunika mpaka kifua. Binti wa funguo akashtuka. Kumufunika mwami sura ni kama kumuzika, hata mimi nilijua. Nikamutazama binti. Yeye ni damu ya mwami, neno lilikuwa lake. Kisha akaja, akashika pembe ya juu nisiyoifikia, akafunika uso wote.

"Mama," nikasema, "hayuko. Inua macho."

Mama aliinua. Akasimama, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Nilikuwa nangojea alie. Hakulia. Alitazama, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, kile alichokifunga vizuri asubuhi, akatazama tena.

"Mais ni mutoto," akasema. "Ni mutoto kabisa. Kiti kile kinamulemea."

Toka nikiwa mudogo nilimusikia akimuomba baba yake usiku, amulinde, amuombee kwa Mungu. Na sasa yeye, mwenye mvi na bajukuu, alikuwa anamutafutia kijana huyu mahali pa kupumzika.

Vijana ba ngazi baliingia, bakasimama mulangoni. Honi ikalia tena. Jua lilikuwa limegeuka, barabara bado inatungojea. Nikamwambia mama kwa sauti ndogo kwamba batu banataka kuishusha.

"Bangojee kidogo," akasema bila kugeuka. "Ndiyo kwanza anaanza kunizoea."

Nikashika kikwembe vizuri, nikasimama.