Mtoto Aliyevikwa kwa Baridi Isiyokuwepo

Siku ile ya mwezi wa tatu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kana kwamba treni ndiyo kwanza imesimama. Umenipigia simu mimi mjomba wako kutoka Mwanza kuniuliza ukija Sydney mwezi wa nne ufungashe nguo gani. Swali lako ni dogo, lakini mimi sina jibu dogo, kwa kuwa nimeshaona mtoto akikaribia kufa kwa ajili ya nguo.

Nilikuwa kijana, mgeni wa miezi michache, na kazi yangu ilikuwa Wetherill Park kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Naingia alfajiri, natoka jioni, na kutwa nzima nimevaa koti zito, pumzi inanitoka kama moshi. Basi Sydney niliyoijua mimi ilikuwa ya ndani ya friza. Dada yangu Esperansi alipopata ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma kunifuata, aliniuliza kwenye simu hali ya hewa ikoje. Nikamjibu kwa sauti ya mwenyeji, "Utakuta majira wanayoyaita otamu. Kamusi inasema ni vuli. Njoo na nguo za sufu, dada, huku ni baridi." Kumbe vuli ya kamusi si vuli yetu ya mvua, na mwanzo wake hapa wala si baridi.

Alikuja na Neema, mwanawe ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Kabla ya Neema alikuwa na mwana mwingine, akamzika kule kambini kwa nimonia. Aliyeumwa na nyoka, mwanangu, akiona ung'ongo hushtuka. Usimcheke.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tatu tukatoka Fairfield, mtaa tuliokuwa tukiishi, kwa treni, nimwonyeshe dada bahari. Asubuhi kulikuwa na mawingu na kaubaridi. Esperansi alimvika mtoto masweta mawili, suruali ya sufu, kofia ya kufunika masikio, akamzungushia blanketi, kisha akambana kifuani kwa kitenge. Treni ilikuwa ya zile za zamani, haina kiyoyozi. Hatujafika mbali mawingu yakapasuka, jua likatuingilia dirishani. Mimi nikavua koti langu. Neema alilia kidogo, akanyamaza. Tukafurahi kwamba amelala.

Tulipokaribia stesheni ya Lidcombe, Esperansi akafunua blanketi amnyonyeshe. Akapiga ukelele. Neema alikuwa amekauka ngozi, anachoma kama chungu kilichotoka mekoni. Kichwa kilianguka upande. Macho yalikuwa wazi nusu, lakini hayakumwangalia mtu.

Nilisimama, mwanangu, nikatazama mlango, treni ikipunguza mwendo.

Mlango ulipofunguka, mkono ukamshika Esperansi ukamvuta nje. Alikuwa mama mmoja mzee aliyekaa nyuma yetu, Mkongomani wa Bukavu, ambaye baadaye tulimzoea kwa jina la Koko Mwamini, yaani Bibi Mwamini. Akatukalisha kwenye benchi la kivulini.

"Mama, unamupika mutoto!" alifoka. "Toa hii nguo! Toa yote! Nani alikuambia kama huku ni baridi?"

Dada alininyooshea kidole mimi.

Tukamvua, akabaki na nepi na fulana; nguo zake, blanketi, kitenge na koti langu nikavisokomeza kwenye mfuko. Zile nguo zilikuwa zinafuka joto. Koko alilowesha ushungi wake kwa maji ya chupa akampangusa mtoto kichwa, makwapa na mapaja, huku akinipa gazeti nimpepee. Mfanyakazi mmoja wa stesheni akakimbia kuita gari la wagonjwa. Nikapepea, nikapepea. Esperansi alikuwa akirudia jina la yule mwanawe wa kwanza, si la Neema, akilia kwamba amekwenda tena, na hapo ndipo Koko alipoelewa. Sauti yake ikashuka. "Basi, mama. Huyu hajaenda. Angalia tumbo, inapumua."

Neema alilia garini, mlango ukiwa bado haujafungwa. Kilio chembamba, cha hasira. Watu wazima watatu tukalia naye.

Hospitali walimtia maji ya mshipa, wakamwangalia hadi alasiri, wakatuambia amepona. Ungedhani mshtuko umekwisha. Tulipotoka mlangoni, mwanangu, nchi ilikuwa imegeuka! Upepo wa kusini ulikuwa umeingia tukiwa ndani, mkali, na mvua inakuja kwa ubavu. Joto lile la asubuhi lilikuwa limeondoka kama halijawahi kuwepo. Na Neema alikuwa na nepi na fulana tu. Nikatafuta mfuko wa nguo. Sikuwa nao. Katika kuchanganyikiwa kwangu nilikuwa nimeuacha Lidcombe kwenye benchi.

Koko akanigeukia.

"Mimi nilisema mumuvue. Nani alisema mutupe?"

Akafungua mkoba wake, akatoa sweta jepesi lililokunjwa dogo kama leso, akamfunika nalo mtoto. Mwavuli niliokuwa nao upepo uliupindua mara ya kwanza nilipoufungua. Tukafika nyumbani tumelowa sote isipokuwa Neema. Siku hizi anafundisha watoto kuogelea, na nikimsimulia habari hii ananijibu kwa Kiingereza kwamba naongeza chumvi. Siongezi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kwetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa usingoje dalili. Mwezi wa tatu ni joto bado, tena la unyevunyevu. Mwezi wako wa nne mchana ni mwanana, asubuhi na jioni zina ubaridi, na serikali ikisharudisha saa zote nyuma kwa saa moja, kama ifanyavyo kila mwezi wa nne, giza linaingia mapema kuliko unavyodhani. Ukichelewa hadi wa tano, ongeza koti la kweli, hasa ukitaka kupanda milimani, maana huko ni nchi nyingine. Usilete nguo moja nene. Leta nyembamba kadhaa za kuvaa moja juu ya nyingine, uvue na uvae siku inavyotaka. Koti la mvua lenye kofia litakufaa kuliko mwavuli. Leta viatu visivyoingiza maji, kofia ya jua na mafuta ya kujipaka kuzuia jua, kwani jua la huku linaunguza hata wakati upepo unakutetemesha. Na ukiwa na mtoto, mguse shingoni mara kwa mara. Mtoto akinyamaza, usifurahi kabla hujamtazama.

Na usimwamini mwenyeji anayekaa ndani kutwa, hata kama ni mjomba wako. Uliza wawili watatu.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Jua likutazame kwa huruma, mvua ikukute umejiandaa, na yeyote utakayembeba kifuani mfike naye salama, akiwa analia kwa afya yake. Amina.