Siku Tuliyopeleka Ndama Kwenye Somo la Nyasi

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mugumu, nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride, na malisho yakabaki kulekule tulikotoka. Zamani ndama walijilisha nyuma ya nyumba, mama akiwatupia jicho huku anasaga ulezi. Sasa ilibidi mtu awapeleke hadi mto Manchira na kushinda nao. Dada yangu alikuwa ameshaolewa, mtoto wa kiume hatukuwa naye, kwa hiyo mtu huyo alikuwa mimi. Baba aliniambia nimalize muhula, kisha shule basi. Nilikuwa darasa la pili, na ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma. Nilimchukia kila ndama kwa jina lake.

Mwalimu wetu alikuwa msichana aliyetoka kusini, mwembamba, mwenye raba nyeupe alizozipaka chaki kila asubuhi. Hakupenda kufundisha mimea ubaoni. Siku moja akatangaza, "Kesho hatuingii darasani. Tunakwenda mtoni kujifunza nyasi, wadudu na ndege. Waambieni wazazi."

Nikamwambia baba.

"Mtakaa huko mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka jioni, tata."

"Basi nenda na ndama."

Asubuhi niliwaswaga huku nimeshajiandaa kuchapwa. Nilipofika uwanja wa shule, nilibaki mdomo wazi. Nusu ya darasa walikuwa na ndama, wengine mbuzi, maana hakuna mzazi wa kwetu ambaye angemwacha mtoto aende malishoni mikono mitupu. Mwalimu alisimama mlangoni, akatutazama sisi na mifugo yetu, kisha akasema, "Haya, twendeni wote." Nilimpenda tangu saa ile na ninampenda mpaka leo.

Mtoni tulichuma nyasi, tukazinusa, tukang'oa mizizi na kuilinganisha, tukaichora mchangani kwa vijiti. Nyasi nilizozikanyaga tangu nazaliwa nilikuwa sijawahi kuziangalia. Niliwasahau kabisa ndama, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame nilikuwa na furaha. Ndipo nikamwona baba anashuka mteremko na fimbo yake. Alikuwa amekuja kuangalia mali yake.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Kumbe shule ndiyo hii?"

"Ndiyo, mzee. Hii nayo ni shule."

Baba akatikisa kichwa bila ubaya wowote. "Kama ni hii, kwangu ipo kila siku. Hana haja ya kungoja muhula uishe. Kesho abaki nyumbani."

Somo nililolipenda kuliko yote ndilo lililokuwa linanitoa shuleni.

Wakati huohuo ndama wetu mmoja akachapa mbio kuelekea shamba la mtama la kijiji. Mimi nilikuwa nimeganda. Aliyekimbia ni mwalimu. Akapitiliza matopeni, raba moja ikabaki humo, akamkamata ndama mkia kwa mikono miwili, jambo ambalo kwetu hata mtoto mdogo halifanyi. Ndama akamburuta na yeye hakumwachia. Baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alicheka hadi akaiegemea fimbo yake, kisha akaenda kumgeuza ndama kwa mluzi mmoja.

Mwalimu akarudi anahema, gauni limelowa matope.

"Mzee, usimtoe. Aje nao shuleni, kila siku. Nyuma ya darasa majani ni mengi, tunayafyeka bure, na kipindi cha mapumziko nitawanywesha mwenyewe."

"Wewe?" baba akauliza. "Utawaweza?"

"Nitajifunza, mzee."

Baba alilitazama lile gauni, akawatazama ndama, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nilikuwa bado nimeshika majani yangu mkononi.

"Sawa. Lakini ukishindwa," akamwambia mwalimu, "nirudishie ndama. Huyu mtoto kaa naye."