Tembe za Kabla ya Mwethya

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa kwetu Ikutha, mwanangu. Mdogo wangu Kioko alimeza tembe mbili kwa mate, jembe likiwa tayari begani. Ilikuwa siku ya mwethya, ile kazi ya pamoja ambapo kila nyumba hutoa mtu mmoja kuchimba matuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tulikuwa yatima. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule ya msingi ili niwalee wadogo zangu, na Kioko alipopata nguvu ndiye aliyesimama kwa niaba ya nyumba yetu.

Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu aanguke na gunia la pojo.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nitakula jioni, dada. Dawa haiulizi kama nimekula."

Alizinunua dukani sokoni, zimefungwa kwa kipande cha gazeti: za waridi na za manjano. Aliamini za waridi ni za mgongo na za manjano ni za nguvu. Hakuwa peke yake. Wengi walimeza kabla ya kushika jembe, kama mtu anavyokunywa chai.

Huko shambani, Mama Mwende, kiongozi wa kundi, alimtania. "Kioko, unachimba kama tingatinga. Mgongo umeuacha wapi?"

"Nimeuacha nyumbani ulinde kuku, mama."

Watu walicheka. Jua lilikuwa kali, maji ya kunywa haba, naye hakuomba.

Iliendelea hivyo hadi siku alipotapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Miguu ilikuwa imevimba, na mkojo ulikuwa umekaribia kukauka. Tukamkimbiza hospitali Kibwezi.

Nesi alikifungua kile kipande cha gazeti, akanyooshea kidole tembe ya waridi, kisha ya manjano. "Hii ni ibuprofeni, hii diklofenaki," akasema. "Ni ndugu wa tumbo moja. Mtu hazimezi pamoja."

Alitueleza polepole. Dawa hizo huzuia kile kinacholeta uvimbe na maumivu. Lakini hicho hicho ndicho hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo zipate damu. Ukizizidisha, tena kwa njaa na kiu, tumbo huchubuka likatoka damu, na figo hufa kimyakimya.

"Si ningemeza tu parasetamo?" Kioko akauliza, sauti imekwisha.

"Hiyo hutuliza maumivu na homa, wala haichomi tumbo hivi. Lakini ukiizidisha huua ini, na siku za kwanza unaweza kujiona mzima. Tena imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu huimeza mara mbili bila kujua."

Figo za Kioko hazikuamka tena. Siku za mwisho walimdunga mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo kidogo, wakiangalia anavyopumua. Hiyo huuzuia ubongo usisikie maumivu. Mikononi mwa daktari ni rehema, usiiogope. Lakini ikizidi, au ikikutana na pombe, pumzi hupungua hadi ikasimama. Tramado ni ya ukoo huo, ile wanayouziana vijana wa kupakia malori kule Kambu. Humfunga mtu hata asiweze kuiacha.

Kioko alifariki kabla ya mvua. Kaburini Mama Mwende alishindwa kuomba. Alisema tu, "Mwethya una kazi ya kupika. Una kazi ya kukaa na watoto. Mgonjwa hupewa hiyo, na nyumba yake huhesabiwa kuwa imetoa mtu. Kwa nini hakusema?"

Kioko hakusema kwa sababu alidhani yatima hana haki ya kuugua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mwanangu, maumivu ni mbwa anayebweka. Ukimfunga mdomo, mwizi hajaondoka. Usimeze dawa usiyoijua jina, wala usichanganye mbili kwa kuangalia rangi. Tembe za uvimbe zinataka chakula na maji kwanza, na kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu na mama mjamzito wamwone daktari kabla ya kuzigusa. Ukiona choo cheusi, usingoje kesho. Na mgongo ukikataa kuinama, sema mbele ya watu, usione haya.

Mungu akupe mwili wenye afya, na siku utakapoumwa akupe mdomo wa kusema na watu wa kukusikiliza. Uzeeke, mwanangu, uwazike wazee wako, wasikuzike wewe.