Siku Tuliyopanda Mlima Kutafuta Mwezi

Kama ulikulia Isiolo kabla ya lami ya kwenda Moyale, huhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Enzi zetu vumbi lilikuwa mtu wa nyumbani. Lililala nasi, likala nasi, na kila Jumapili mama alilisugua magotini kwangu kwa jiwe kabla ya kanisa, nami nikipiga kelele kama mbuzi anayeoshwa. Tulicheza kati kwa mpira wa matambara na blada ya kuruka kamba mpaka jua likachoka. Tulikunywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, tukafuta midomo kwa mkono, tukarudi kucheza. Mtoto alipotea mchana kutwa na hakuna aliyempigia simu, kwa sababu simu yenyewe ilikuwa posta.

Tulikaa mtaa wa Wabera. Baba yangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa kutoka huko juu Meru. Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mzee Warsame, dereva wa lori. Babu yake aliletwa Isiolo na Waingereza akiwa askari, akajenga, akaoa, akabaki. Binti wa Mzee Warsame aliitwa Shukri, na ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja na tulikosea hesabu zilezile. Mama alikuwa akisema, "Hawa wawili, ukitaka kuchapa mmoja chapa wote, hutawahi kujua ni nani aliyeanza."

Nyuma ya mji palikuwa na mlima wetu. Baba alikataa katakata kuuita mlima. Yeye alizaliwa akiutazama Mlima Kenya kila asubuhi, na kwake kitu kisicho na theluji kileleni kilikuwa kichuguu tu. Lakini sisi tuliuita Mlima Kofia, kwa ajili ya jiwe kubwa lililokaa juu yake upandeupande, na hatukuwa tumefika huko hata siku moja. Tulifika Ramadhani moja, tukiwa darasa la tano, kwa sababu Shukri alikuwa na haja na mwezi.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka yote niliyomjua Mzee Warsame, Idd ilimkuta njiani. Watu walivaa nguo mpya, naye alikuwa chini ya lori mahali fulani akifunga springi kwa kamba. Mwaka huo, siku ya ishirini na tisa ya kufunga ilimkuta nyumbani. Lori lilikuwa mlangoni, limeshapakiwa unga na sukari ya kupelekwa Sericho. Asubuhi Shukri alimng'ang'ania kikoi.

"Aabo, usiende," alisema. Aabo ndiye baba kwa Kisomali chao.

"Mwezi ukiandama leo, kesho ni Idd, nabaki," mzee akamjibu. "Usipoandama, alfajiri naondoka. Watu wa Sericho wanangoja unga."

Shukri alisikia nusu ya kwanza tu. Alikuja kwetu mbio, akaniambia kwamba tukipanda Mlima Kofia tutauona mwezi kabla ya mji mzima, kwa sababu tutakuwa karibu nao zaidi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika sayansi, na hoja hiyo niliiona haina kasoro.

Nilimwambia pia nitafunga naye siku hiyo, kama rafiki. Nilikuwa nimeshakunywa uji, kwa hiyo saumu yangu ilianza saa nne asubuhi.

"Hiyo si kufunga, Kendi," akasema. "Hiyo ni kungoja lanchi."

Mama hakutukataza. Alisema tu, "Mkikutana na ndovu msimsalimie, mpisheni." Tukaondoka baada ya adhuhuri, na tende chache kwenye kona ya buibui la Shukri na maji ya kibuyu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Njia ilikuwa ya mbuzi. Ilikwenda ikapotea, ikajitokeza tena nyuma ya mgunga, na miiba ikatushika nguo kila tulipokuwa na haraka. Digidigi wawili walisimama wakatutazama kwa macho yale yao makubwa, kisha wakawa hawapo. Joto lilitoka juu na lilitoka chini. Midomo ilikauka mpaka tukaacha kuongea, na tulipoacha kuongea nikaanza kusikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: mchanga ukiteremka wenyewe, kengele ya ngamia mbali sana, pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa na njaa ya ajabu, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Mpaka leo nikifumba macho naweza kuirudia.

Kileleni palikuwa na upepo. Tulilala chali juu ya lile jiwe, likiwa na joto la mkate uliotoka jikoni, na dunia yote ikawa imetandikwa chini yetu. Mji ulikuwa mabati machache yanayometameta. Kusini Mlima Kenya ulikuwa umevua mawingu yake, na hata mimi mtoto wa karani nikakubali kwamba baba alikuwa na haki ya kujivuna. Mashariki hapakuwa na kitu. Palikuwa na tambarare tu, hudhurungi, kisha samawati, kisha huwezi kusema kama ni ardhi au ni hewa. Vimbunga vya vumbi vilitembea humo polepole, kimoja kimoja.

"Sericho iko huko," Shukri akasema, akionyesha mahali ambapo hapakuwa na chochote. Alipatazama kwa muda mrefu. Nadhani ndipo alipoelewa baba yake huwa anakwenda wapi.

Jua likashuka magharibi, upande wa Kipsing. Adhana ikapanda kutoka mjini, msikiti mmoja ukitangulia na mingine ikifuata, nyembamba kabisa ilipotufikia. Tukala tende, tukanywa maji, sijanywa maji matamu kama yale tena. Kisha tukasimama tukakodolea macho pale jua lilipoingilia. Kulikuwa na utandu wa mawingu mekundu.

"Ule pale!" nikapiga kelele. "Shukri, ule pale!"

"Wapi?"

"Pale, juu ya wingu. Si uangalie!"

Aliangalia mpaka machozi yakamtoka. "Mimi sioni, wallahi."

"Mimi nimeuona. Twende tukamwambie."

Tulishuka giza likitufukuza. Katikati ya njia tukaona tochi inapanda, na nyuma ya tochi Mzee Warsame, akihema. Mama alikuwa amemwambia tulikokwenda. Hakutugombeza. Alichuchumaa mbele ya binti yake, akamuuliza, "Umeuona?"

Nilijua Shukri alivyokuwa akiitaka ile Idd. Neno moja tu, na hakuna ambaye angemwuliza la pili.

"Sijauona, aabo," akasema. "Kendi ndiye ameuona."

Mzee akanigeukia. "Huo mwezi ulikuwa umekaaje, mama?"

"Umesimama," nikasema kwa uhakika wote. "Kama ule wa juu ya msikiti."

Alitabasamu, nikaona hata kwenye giza. "Huku kwetu mwezi mchanga hausimami hivyo. Unalala chali, kama bakuli." Akanishika kichwa ili nisione aibu. Kisha akambeba Shukri mgongoni mpaka mjini, mkubwa vile, miguu ikining'inia.

Alfajiri nilisikia lori likiondoka. Redio haikutangaza kitu, mji ukafunga siku ya thelathini, na Idd ikaja bila yeye. Shukri alivaa gauni lake jipya akakaa kizingitini. Nilikaa naye.

Siku hizi vijana wanapanda Mlima Kofia kwa bodaboda mpaka nusu. Wakifika juu wanageuzia mandhari yote mgongo ili wapige picha nyuso zao. Mwezi nao umekuwa rahisi. Mwaka huu nilikuwa kwetu Ramadhani ilipoisha, nikaenda kumsalimia Mzee Warsame. Jua halijazama, mjukuu mmoja akainua kichwa kutoka kwenye simu akamwambia babu yake: "Awowe, ni kesho, imetumwa kwenye grupu." Hakuna aliyetoka nje.

Mzee hasafiri tena. Magoti yamekataa, na lori liliuzwa zamani. Shukri ni nesi katika nchi ya baridi, na zamu za hospitali huko haziulizi Idd ni lini. Asubuhi ya Idd, nikiwa nimerudi kwao, alipiga simu ya video, akalia kidogo, akacheka, akaitwa na kazi. Baba yake alikuwa amevaa kanzu yake tangu alfajiri. Kila Idd sasa yuko nyumbani.

Waliniletea pilau na nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa ikahifadhiwa kwa mafuta. Nilipomaliza, mzee akasogeza sahani ya pili mbele yangu. "Kula na ya Shukri," akasema.

Nikala yote.