Siku Walipotaka Kuzika Kipande cha Utumbo wa Mdogo Wangu

Hata leo nikipita sokoni Kasongo nainamisha uso kwa aibu, na mimi si mtu wa kusema sana, lakini hii niwaambie tu mcheke.

Mume wangu alikufa kwa kansa ya utumbo. Eda iliisha, nguo nyeupe za ujane sikuziacha, na mdogo wangu Zuhura akapasuliwa Kabambare kwa ugonjwa uleule. Daktari akanieleza (alirudia sana, mimi shule niliiacha mapema) kwamba watafiti wanatengeneza kingamwili, kama askari wa mwilini wote wa aina moja, wanaotafuta alama fulani kwenye kansa ya tumboni na kuishika. Ila kwanza waone kama kansa ya Zuhura ina alama hiyo, kwa hiyo kipande chake kifike hospitali ya Kasongo kikiwa baridi.

Nikapanda pikipiki na kisanduku cha barafu mapajani. Kuingia Kasongo mnyororo ukakatika, nikashuka nitembee, na kwa vile jua lilikuwa kali nikakifunika kisanduku kwa mtandio wangu mweupe, nikakibeba polepole kwa mikono miwili.

Wanaume waliotoka msikitini wakasimama. "Pole mama, leta tukusaidie." Wakakipokea, wakapokezana kila mtu hatua chache, wakimtaja Mungu kwa sauti ya chini, na mimi (tangu mazishi ya mume wangu hakuna aliyenipokea mzigo) nikalia tu, nikidhani watu wa Kasongo wanawahurumia wagonjwa hivyo.

Njia ikagawanyika: hospitali kulia, wao wakakata kushoto.

"Mama, rudia nyumba. Wanamuke hawafikake kwenye makaburi."

"Makaburi? Humo hamuna maiti!"

"Iko nini sasa?"

"Kipande cha utumbo wa mudogo wangu!"

Aliyekibeba nusura akiangushe. "Na mwenyewe?"

"Iko Kabambare, iko anakunywa uji!"

Kisha mzee mmoja akasema, "Basi tukimbie!" na wakakimbia nacho hadi hospitali, pindo za kanzu mkononi, mimi nyuma nahema. Daktari wa hapo akakifungua kisanduku. Barafu bado ilikuwepo. Nikakaa chini sakafuni.

Majibu yalirudi: alama ipo, na Zuhura ameitwa kuijaribu dawa hiyo ya kingamwili. Nilipomsimulia alishika mshono wake akicheka: "Yaya, dada yangu, mulitaka kunizika kipande kwa kipande?"

Nimeapa, nikibeba tena nitafunika kwa kitenge chekundu, na nitasema mapema. Lakini wale wanaume, kila tukikutana, wananiuliza, "Mama, marehemu wetu iko aje?"

Nami, uso chini, najibu, "Iko anakula."