Mashua yenye haikukauka

Hii ninayoeleza ilinipata miye mwenyewe, hapa Butembo, wakati ya vita, wakati kila mara tulikuwa na jeshi ingine yenye kusema ndiyo serikali. Sikuisikia kwa mutu. Kama unataka kuniambia ilikuwa ndoto ao malaria, basi nenda zako mapema, juu bengine balishaniambia hivyo na hatukuachana vizuri. Bibi yangu, mwenye nilioa, iko muzima, muulize. Hapendi kuisema, mais hatakuambia ni uongo.

Kazi yangu ilikuwa ya fibre. Camion ikianguka kwenye hii milima yetu, cabine inapasuka, bananiletea ku atelier yangu, quartier Kimemi. Ninalaza kitambaa cha fibre, ninapaka rezini, ninasugua, ninatia rangi, na chauffeur mwenyewe hajue tena ni wapi ilipasuka. Rezini ni maji mazito tu. Bila dawa ya kugandisha haikauke, ukitia dawa inakuwa ngumu kushinda mbao. Sasa Butembo kuna baridi, donc siye bafundi ya hapa tunazidisha dawa na tunaweka mbabula, jiko ya makala, karibu. Ikikataa kukauka, hakuna mwenye anashangaa. Tunasema ni baridi, basi.

Nilikuwa na mutoto mumoja, mwanamuke, Masika. Nyamuhanga, Mungu wetu, hakutupatia mwingine. Alikuwa anasoma Beni, kwa mukaka yake, mama ya bibi yangu. Kule Beni kulikuwa kambi ya basoda, na komanda mumoja alimuona siku moja akitoka kanisani na bale ba chorale. Kesho yake alituma basoda na sukari, sabuni na mbuzi. Hakuuliza kitu. Alisema tu: batu yake bakipanda Butembo, atakuja kuchukua bibi yake. Mukaka aliweka Masika kwenye camion ya makala usiku ule ule, akatufikia uso mweusi na uniforme ya masomo ndani ya mufuko.

Ungefanya nini, weye? Shangazi yake, dada yangu, alikuwa ameolewa Uganda, ngambo ya Lac Édouard. Mais barabara ya Kasindi, ya kwenda mupaka, ilikuwa yote barrière, na basoda ya zile barrière ni bale bale ya komanda. Kwenye ziwa basoda balishachukua moteur zote, na essence hakuna. Kulibaki upepo. Ndiyo vile nilifikiri ile mashua.

Ilikuwa Vulamba, hapa hapa Butembo, kwenye parcelle ya depo ya zamani ya kahawa, ya muzungu mumoja mwenye alikimbia wakati ya kupora. Mashua kidogo ya fibre, ya voile, ile nguo kubwa ya kushika upepo. Ilikuwa imegeuzwa chini juu, majani imeota pembeni, tumbo yake imepasuka. Zamu, mulinzi ya pale, alicheka niliposema naitaka. «Ichukue, baba. Ni kuku tu ndiyo zinaipenda. Patron aliitoa ku ziwa siku moja, akaigeuza hivi, hakuigusa tena.» Sikumuuliza ni juu ya nini. Mutu mwenye haraka haulize.

Nilipoifikisha Kimemi, batu balinichezea sana. Mashua juu ya mulima, ziwa iko mbali kule chini. Balianza kuniita Noa. Balikuwa banasimama kwenye mulango na kuuliza kama nyama za kuingiza nilishazipata, na mvua itaanza lini. Niliacha baseme. Nilikata sehemu yenye ilioza, nikasugua mupaka mikono ikawasha, nikaanza kulaza fibre mupya. Kazi ya fibre niliijua. Ya voile sikujua hata moja.

Ule mutu alikuja mangaribi, mvua ikiwa karibu. Kijana mukubwa, mupole, shati yake imeloana. Hapa kwetu mutu kuloana si habari, sivyo? Alisimama akaangalia mashua kwa muda murefu kisha akasema aliongozaka mashua ya namna hii, ya muzungu. Nikamuuliza jina. «Kambale.» Kambale ya nani? Butembo yote imejaa ba Kambale, ndiyo jina ya muvulana wa pili, kila nyumba yenye batoto babili bavulana iko na moja. Akasema: «Ya kwa mama yangu.» Nilicheka. Nilikuwa nimeomba Mungu mutu mwenye anajua voile, na Mungu amenitumia, ndiyo nilivyoona.

Alirudi kila mara mvua ikitaka kunyesha. Alituonyesha mulingoti, tukauchonga kwa muti wa eucalyptus. Alituonyesha namna ya kuufunga na câble za frein za pikipiki, namna ya kukata voile ndani ya bâche, turubai ya camion, na kuishona mara mbili kwenye kona. Masika alishika ile kazi mbio kuniliko. Alikuwa anakaa ndani ya mashua, hapo ndani ya atelier, anageuza usukani na kusema: «Papa, inama, voile inapita.» Nilikuwa ninainama kweli. Zile siku nilikuwa na furaha, ninawaambia wazi, na mpaka leo inanichoma kuwa nilikuwa na furaha.

Siku moja Kambale aliinama kunisaidia, akashikilia fibre yenye rezini mubichi, chini, karibu na tumbo ya mashua. Alipotoa mukono, alama ya kiganja ilibaki hapo, na bidole byote. Kesho yake mashua yote ilikuwa ngumu, pale tu ndiyo palibaki laini, baridi, inanata. Nikatia dawa. Nikaweka mbabula. Hapana. Nikakwangua yote, nikalaza mupya, ikarudi vile vile, kiganja na bidole, na siku ile hakuwa hata amekuja. Nilisema ni baridi. Kisha nikasema bafanyabiashara bamechanganya dawa na kitu. Nilienda hata kugombana na mumoja sokoni, masikini, hakuwa na kosa.

Bibi yangu ndiye alikuwa na macho. Aliniita nyuma ya nyumba.

«Baba Masika, ule mutu shati yake inaloana kila siku, mais haitonye. Pahali anakaa, chini ni kukavu.»

«Acha anisaidie. Ukiona mwingine mwenye anajua voile, umulete.»

Jioni ile nilimuuliza ule Kambale kwao ni wapi. Akasema: «Ku ziwa. Bananingojea. Bangeacha kuningojea ningepumzika.» Nani hajaisema juu ya jamaa yake? Nilifikiri ni mutu mwenye amechoka na maneno ya nyumbani.

Halafu habari ikafika: komanda anapanda. Batu balianza kuficha batoto na mbuzi. Hakukuwa tena wakati. Pale pahali laini nilipafunika na fibre ingine juu, couche mbili, na ile ya juu ikakauka vizuri. Chini najua ilibaki mubichi. Nikasema ku ziwa kuna joto, joto itaimaliza. Fundi yeyote wa Butembo angesema hivyo. Tunashuka na kazi mubichi kwenye joto na inakauka njiani, tulishaifanya mara mingi kwa cabine za camion.

Mufanyabiashara mumoja wa kanisa yetu alitupatia camion yake. Tulilaza mashua chini ya mifuko ya makala, tukashuka. Tulifika pêcherie moja, kijiji ya bavuvi, asubuhi ilikuwa inapasuka, basoda bangali banalala. Tukaisukuma kwenye maji. Nilipogeuka kuchukua mufuko, Kambale alikuwa amekaa tayari nyuma, kwenye usukani, shati ile ile. Camion yetu hakupanda. Gari ingine haikushuka siku ile. Niliona hayo yote, mais niliingiza mufuko, juu mutoto wangu, amevaa uniforme yake ya masomo, alikuwa tayari na muguu mumoja ndani.

Niamini, ilienda. Voile yetu ya bâche ilijaa, mashua ikainama kidogo na kukata maji bila sauti. Kambale akamupatia Masika usukani. Bibi yangu alikuwa anaimba polepole, wimbo wa kanisa. Pêcherie ikawa kidogo nyuma yetu, milima ya Uganda ikaanza kuonekana na miti yake. Nilijiambia: tumemuponyesha. Nililisema ndani ya roho yangu hili neno.

Maji ilianza kuingia pale. Haikuwa mingi. Ilitoka kwenye kiganja, kidole kwa kidole, ile couche yangu ya juu imebanduka. Nilitafuta kitambaa. Masika alikuwa karibu kuniliko, akaacha usukani, akapiga magoti, akaweka mukono wake pale. Na maji ikasimama. Akanitazama na kucheka: «Papa, ni baridi hapa.»

Kambale akasimama. Akasema na ile sauti yake ya mupole: «Wasingya.» Ni aksanti ya kwetu, ya kila siku, unaisema hata kwa mwenye kukupatia chumvi. Na shati yake ilikuwa kavu. Niliona kola imesimama, upepo ikiichezesha. Kisha pahali pale nyuma hapakuwa mutu. Hakuruka, hakuanguka. Nilimuita Masika atoe mukono. Akasema: «Haitoki, papa.» Pale pale tumbo ya mashua ikafunguka yote, na ikatugeuza.

Bavuvi balitukuta miye na bibi yangu tumeshika ile mashua, chini juu, kama vile ilikuwa Vulamba. Masika hapana. Balitafuta na mitumbwi yote mupaka jua ikaenda. Miye nilizama mara na mara mupaka banifunge na kamba.

Balitulaza kwa mukaka mumoja wa ile pêcherie, mujane. Jioni alipika ugali na samaki, akaweka sahani moja pembeni, na kifuniko. Bibi yangu akamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya Kambale, mutoto wake. Alikuwa anamuongozea muzungu wa kahawa mashua ya voile, maji ikamubeba, hakuonekana. Wazee ya jamaa balimuambia: kama hakuna maiti, tuzike shina ya mugomba, tulie, tumuache aende. Ndiyo desturi, shina inalala pahali ya mutu. Mukaka alikataa. Alisema huwezi kuzika mutu mwenye hujamuona amekufa. Na kila jioni ile sahani.

Siku zenye zilifuata, ziwa ilitoa mutu. Si mutoto wangu. Ilitoa Kambale, maiti yenye haikuoza, kola ya shati imesimama, kama amekufa jana, na mama yake alikuwa amezeeka kumungojea. Niliinama kumuangalia. Ni yeye. Balimuzika, balilia, na miye nilikaa pale katikati ya matanga ya mutu mwenye alikuwa akinishikia fibre.

Mukaka hakulia sana. Alikuja kunishika mukono. «Baba, nenda muzike mugomba. Leo, usingoje kesho. Miye nilikataa, na unaona amefanya nini juu ya kupata njia: ameacha mutoto wako pahali pake.» Kisha akaosha ile sahani, akaigeuza ndani ya kitunga.

Tulirudi Butembo. Yule komanda? Hakufika. Balimuita ku front ingine, akapita barabara ingine na batu yake, na miye nafikiri hata jina ya mutoto wangu alikuwa ameshaisahau. Masika angebaki tu nyumbani, anasoma.

Bibi yangu alikata shina ya mugomba. Akaifunga na kikwembe cha Masika, akachimbisha shimo nyuma ya nyumba, akaita mupasta. Miye niliitoa nikaitupa kwenye bonde. Alichimbisha tena, nikatupa tena. Akaniambia: «Baba Masika, unamuacha mutoto kwenye baridi.» Nilimujibu mutoto hajakufa, mukono wake ulishika, sikumuona amekufa. Bibi yangu alirudi kwa ndugu zake Beni. Alisema siku nitakubali atakuja, atakuja mwenyewe na panga ya kukata mugomba.

Kazi ya fibre niliiacha. Ninauza misumari.

Juzi fundi mumoja wa kule chini, mwenye kutengenezea bavuvi mitumbwi ya fibre, alipita kwangu kununua. Akanieleza habari ya kushangaza: kuna musichana anakuja kwake mvua ikikaribia, amevaa uniforme ya masomo, na anajua kushona voile vizuri. Hakujua miye ni nani. Ningepashwa kumuambia akimbie, avunje mutumbwi yenye musichana anagusa, aichome. Sikumuambia. Nilimuuliza kama musichana amekonda. Nilifurahi, ndugu zangu. Usiku ule nilifurahi mupaka nikalia.

Donc weye mwenye unanisikiliza: kama maji ilikubebea mutu, zika mugomba. Usingoje, usifanye kama miye, ni bibi yangu ndiye iko na haki. Na kama unatengeneza kitu ya kwenda ku maji, na musichana wa namna ile anakuja kukusaidia, usimuache aguse rezini. Umufukuze. Mais, nakuomba, usimupigie kelele. Umuulize kwanza kama amekula.